Jembe, Baiskeli na Kompyuta: Kwa Nini Mwanafunzi wa Mpakani Ajiunge na Chama cha Taaluma Yake

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusimama mpakani Busia alfajiri, umeyaona malori yaliyopanga foleni, wabadilishaji fedha walioshika mabunda ya noti, na vijana wa bodaboda wanaowania abiria. Huenda hukujiuliza neno hilo, bodaboda, lilizaliwa wapi. Lilizaliwa papo hapo uliposimama. Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho msafiri alilazimika kukivuka kwa miguu pamoja na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto kwenye kibebeo cha nyuma na kuwaita wasafiri kwa kuitaja safari yenyewe: kutoka mpaka hadi mpaka, "boda, boda!" Baiskeli ikageuka pikipiki, na neno la Busia likaenea Afrika Mashariki nzima.

Leo, hata hivyo, sikusudii kuzungumzia usafiri. Nakusudia kuzungumzia jambo ambalo mwendesha bodaboda analifahamu vyema, ilhali mwanafunzi wa kompyuta aliye chuo kikuu aghalabu halifahamu. Kijana anayenunua pikipiki haiegeshi popote apendapo. Hutafuta stegi, hujitambulisha kwa mwenyekiti, hulipa kiingilio na kuelezwa masharti. Akipata ajali, wenzake humchangia. Akimdhulumu abiria, wenzake hao hao humwajibisha, kwa sababu aibu ya mmoja ni hasara ya stegi nzima. Hicho ni chama cha kazi, hata kama hakina ofisi wala nembo. Swali langu kwako ni hili: je, wewe unayejifunza kuandika programu za kompyuta, stegi yako iko wapi?

Wahunzi wa Samia

Tuanze mbali kidogo. Milima ya Samia, iliyo kusini mwa mji wa Busia, ina mawe yenye chuma. Muda mrefu kabla ya serikali ya kikoloni, Wasamia walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe, na majembe hayo yaliuzwa kwa majirani wa pande zote. Ufundi huo haukuokotwa njiani. Ulirithishwa ndani ya koo. Kijana alianza kwa kuvukuta mivukuto, akatazama, akatumwa, akakosea mbele ya waliomzidi, hatimaye akakabidhiwa nyundo. Jembe lililovunjika shambani lilimvunjia heshima si mfuaji peke yake bali ukoo mzima wa wahunzi.

Yatazame mambo matatu yaliyomo humo: mafunzo chini ya waliotangulia, kipimo cha ubora kinachokubaliwa na wote, na heshima inayolindwa kwa pamoja. Hayo ndiyo moyo wa kila chama cha kitaaluma duniani, kiwe cha madaktari, cha mawakili au cha wahandisi.

Mpaka ulipopita katikati ya watu

Hadi mwaka 1902, Busia yote, ya mashariki na ya magharibi, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa wakati huo, uliofika hadi pande za Naivasha, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wako nchi mbili bila ya kuhama nyumba. Nadhani hakuna mfano unaolieleza jambo hili kuliko ule wa ndugu wawili wa ukoo wa Awori. Moody Awori aliwakilisha Funyula katika Bunge la Kenya, akawa Makamu wa Rais wa nchi hiyo kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Nduguye, Aggrey Awori, alikuwa mbunge nchini Uganda, akagombea urais wa huko mwaka 2001, kisha akawa Waziri wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano kuanzia 2009 hadi 2011. Damu moja, dola mbili; na mmojawapo akaisimamia sekta hii hii ya kompyuta tunayoizungumzia.

Mataifa yalijaribu kuushona mpasuko huo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini mwaka 1999, ukaanza kutumika mwaka 2000. Tarehe 1 Julai 2010 ikaanza Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo katika kifungu chake cha 11 inazitaka nchi wanachama zitambue vyeti vya elimu na sifa za kitaaluma zilizopatikana katika nchi jirani.

Sasa, msomaji wangu, hapa ndipo historia inapotufundisha somo la uraia. Ahadi iliyoandikwa katika itifaki haijitekelezi yenyewe. Ili mhasibu wa Tororo atambuliwe kuwa mhasibu akivuka kuja Kenya, lazima pawepo chombo upande huu na chombo upande ule, vikae mezani, vilinganishe mitihani na maadili, kisha vitie saini. Wahasibu walikuwa na vyombo hivyo: taasisi yao ya Kenya ilianzishwa kwa sheria mwaka 1978, na ya Uganda mwaka 1992. Wahandisi nao walikwisha kuwa na sheria za usajili katika nchi zote mbili tangu 1969. Kwa hiyo milango ilipofunguliwa, hao ndio waliokuwa wamesimama kizingitini. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini mikataba ya kutambuana mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo mwaka 2016.

Wataalamu wa kompyuta hawakuwemo katika orodha hiyo ya mwanzo. Sababu si uchache wao, wala si kwamba kazi yao ni ndogo. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, hakiwezi kufanya kazi hata saa moja bila ya mifumo ya kompyuta ya forodha na uhamiaji. Vivyo hivyo kwa mama anayeuza samaki sokoni Busia, ambaye fedha zake hupita katika simu: M-Pesa tangu 2007 upande wa Kenya, na huduma ya MTN tangu 2009 upande wa Uganda. Kazi ipo tele. Kilichopungua ni sauti moja yenye kutambulika inayoweza kuizungumzia kazi hiyo.

Chama cha kompyuta ni kitu gani?

Vyama vya taaluma hii si vigeni duniani. Tarehe 15 Septemba 1947, wakati kompyuta zilipokuwa mashine chache za kujaza ukumbi mzima, watu walikutana katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakaanzisha chama kilichokuja kuitwa Association for Computing Machinery, au ACM. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Edmund Berkeley, mtu aliyetoka katika kazi ya bima. Waliona mapema kwamba maarifa yakifungiwa ndani ya kampuni moja moja, kila mtu atarudia makosa ya mwenzake. Uingereza ikafuata mwaka 1957 kwa kuanzisha British Computer Society. Kwetu kuna Computer Society of Kenya, na Uganda kuna ICT Association of Uganda. Kuna pia IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, chenye matawi katika nchi zote mbili, na chenye utaratibu wa kuunda matawi ya wanafunzi vyuoni.

Huenda utasema: mimi ni mwanafunzi tu, ningoje nihitimu kwanza. Wahenga walikujibu zamani: samaki mkunje angali mbichi. Nikueleze faida nne.

Faida ya kwanza ni maadili. ACM ilipitisha kanuni zake za mwenendo mwaka 1972, ikazipitia upya mwaka 1992 na tena mwaka 2018. Kanuni hizo zinamtaka mwanachama asisababishe madhara, aheshimu faragha, na asijidai kuweza kazi asiyoiweza. Si maneno ya kupamba ukuta. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi katika mwaka mmoja, 2019. Chukua mfano wa mwanafunzi anayeombwa na zahanati ya kijijini aiundie daftari la wagonjwa kwenye kompyuta. Asipofundishwa mapema nani anaruhusiwa kusoma daftari hilo, anaweza kuvunja sheria na kuvunja nyumba ya mtu, naye akidhani amesaidia.

Faida ya pili ni walezi. Chuoni utamwona mhadhiri wako darasani. Chamani utakutana na mtu aliyekesha usiku mfumo ulipoanguka na ushuru haukuweza kulipwa. Huyo atakufundisha yasiyomo kitabuni, kama mhunzi mzee alivyomfundisha kijana wa mivukuto.

Faida ya tatu ni kipimo. Mashindano, semina na machapisho ya vyama hukuonyesha ulipo ukilinganishwa na wenzako wa Nairobi, Kampala au kwingineko. Mtu aliyezoea kuwa wa kwanza katika darasa la watu thelathini hufaidika sana kugundua mapema kwamba ulimwengu ni mpana. Nayo ada ya mwanafunzi katika vyama vingi ni ndogo kuliko ya mwanachama kamili. Baadhi, kama ACM, huwapunguzia zaidi watu wa nchi zinazoendelea.

Faida ya nne ndiyo inayonigusa zaidi nikiwa mwalimu wa uraia: kujifunza kujitawala. Katika tawi la wanafunzi utamchagua katibu, utasoma hesabu za mweka hazina, utapinga hoja bila ya kumtusi mwenye hoja, na utashindwa kura kisha urudi kikaoni wiki ijayo. Anayeshindwa kumhoji mweka hazina wa chama chenye watu ishirini atamhoji vipi diwani wake?

Upande wa pili wa shilingi

Sitakuwa mkweli nikikusifia vyama bila ya kukutahadharisha. Chama kinaweza kugeuka lango la kuwafungia wengine nje. Nchini Kenya, mwaka 2016 ulipelekwa bungeni mswada wa kutaka wataalamu wa TEHAMA wasajiliwe na kupewa leseni. Vijana wengi, hasa waliojifundisha wenyewe, waliupinga kwa nguvu, wakisema kwamba kipaji hakipimwi kwa leseni. Jambo hilo liliibuka tena, na mwaka 2022 Bunge likapitisha mswada wa namna hiyo. Rais Kenyatta akakataa kuutia saini.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Lakini tazama pia funzo lililo chini yake. Sheria zinazohusu kazi yako zitaandikwa, upende usipende, uwepo usiwepo. Aliye ndani ya chama anaweza kudai masharti yasiyomwonea kijana wa kijijini aliyejifunza kwa simu. Aliye nje hupata habari mambo yakishakamilika. Mwenye malalamiko dhidi ya lango hana budi kufika langoni.

Vyuo viwili, ukoo mmoja

Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 katika wilaya ya Busia ya Uganda, kando ya barabara kuu iendayo Tororo, na kinafundisha uhandisi wa kompyuta. Ng'ambo ya mpaka, kilomita chache kutoka mji wa Busia wa Kenya, kiko Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022. Katika vyuo hivyo viwili yumkini wameketi watoto wa ukoo mmoja wasiojuana. Wanaweza kusalimiana kwa Kisamia, kwa Kiteso au kwa Kiswahili. Siku moja wataombwa kuiunganisha mifumo ya nchi hizi mbili, na mizigo ya watu itaoza au itafika kutegemea wanavyoelewana.

Wahasibu hawakungoja kualikwa. Walijijenga kila mmoja upande wake, na siku ilipowadia walikuwa na mikono ya kupeana. Mwanafunzi wa kompyuta wa Busitema, wa Alupe au wa Tororo aweza kuanza na jambo dogo. Aulize kama chuoni kwake kuna tawi la chama chochote cha taaluma yake. Likiwapo, ajiunge muhula huu. Lisipokuwapo, awatafute wenzake kumi, amwombe mhadhiri mmoja awe mlezi, waandike barua. Kisha wapande bodaboda, wavuke mpaka, wakawatembelee wenzao wa upande wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mpaka huu, ndugu msomaji, haujawahi kuvukwa vyema na mtu aliye peke yake.