TAIRI ZA THELUJI KWENYE NOAH YA MTUMBA: SOMA UBAVUNI KABLA HUJASIFIA

Leo naleta mada ya tairi. Najua wengi wetu hatuna gari bado, ila kila mtu ana mzee, mjomba au shangazi aliye mbioni kuagiza Noah au Wish kutoka Japani, na wewe unayejua kompyuta ndiye unayeitwa kuangalia picha. Mimi niliitwa na mjomba. Nikazikuza zile picha, nikaona tairi zina meno marefu kabisa, nikasema, "Mjomba, hapa huna haja ya kununua tairi, hizi mpya." Akanisikiliza.

Kumbe zilikuwa tairi za theluji. Miezi michache baadaye, mchana wa jua kali njia ya Chalinze, mjomba, shangazi na watoto watatu ndani, lori likasimama ghafla mbele yao. Breki zikakanyagwa, gari ikaserereka na kusimama kama hatua mbili tu nyuma ya lori. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Sisemi ni tairi peke yake, maana mjomba naye anapenda kukimbia. Lakini fundi tairi wa Morogoro aliinama akamwonyesha neno moja ubavuni: STUDLESS. Mimi nilikuwa nimeliona kwenye picha. Nikadhani ni jina la kampuni!

Toka hapo nimesoma sana habari hizi, naziweka hapa ili wewe usije ukaaibika kama mimi.

KWA NINI JAPANI WANAZO
Japani sio Tokyo tu. Kule Hokkaido, Tohoku na Niigata theluji inaanguka hasa, mtu anaamka anakuta gari imefukiwa. Zamani walitumia tairi zenye vipini vya chuma usoni ili ziing'ang'anie barafu. Shida ni kwamba barafu ikiisha vile vyuma vinasaga lami, watu wa miji kama Sendai wakawa wanavuta vumbi la barabara. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzuia vumbi hilo, na tairi za vyuma zikaondoka kwenye gari za kawaida. Zilizochukua nafasi ni hizi zisizo na vyuma, ndiyo maana ya hilo neno studless. Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak zao tangu 1988.

Kwa hiyo familia ya huko inakuwa na seti mbili, ya baridi na ya joto. Gari ikiuzwa kipindi cha baridi inaweza kuondoka na ile iliyofungwa, inapanda meli, inashukia bandari ya Dar au Mombasa.

MPIRA WENYEWE
Hapa ndipo watu tunapokosea, tunaangalia meno tu. Siri ya tairi ya theluji iko kwenye mpira. Tairi ya kawaida baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kuwa ngumu, haishiki barabara vizuri. Tairi ya theluji imechanganywa ili ibaki laini hata kwenye barafu. Chukua bigijii: ukiiweka kwenye friji inakakamaa, ukiiacha juani inalegea na kuvutika. Sasa fikiria tairi iliyotengenezwa ibaki laini kwenye barafu, unaileta kwenye lami ya Bongo ambayo saa nane mchana inaweza kupita nyuzi 50. Meno yanacheza, gari inayumba kwenye kona, kusimama kunachukua nafasi ndefu zaidi, na tairi inaisha mapema kama kifutio cha shule. Kwenye mvua yetu ya joto nayo sio salama, usidanganyike na mifereji mingi.

UTAIJUAJE
Piga picha ubavu wa tairi zote nne, au mwambie muuzaji akutumie. Neno STUDLESS au SNOW likiwepo, mchezo umeisha. Vilevile kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu, ndani yake nyota ya theluji. Hiyo maana yake tairi imejaribiwa kwenye theluji ikafaulu. Sasa usichanganye na herufi M+S. Hizo ni za matope na theluji, zipo hata kwenye tairi nyingi za gari za porini ambazo hapa zinatumika bila shida, kwa hiyo M+S peke yake haitoshi kuikataa tairi. Majina nayo yanasaidia: Blizzak, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop, X-Ice ya Michelin.

Halafu angalia namba. Noah nyingi za zamani zinavaa 195/65R15, na mbele yake utaona kitu kama 91H au 91Q. 91 ni uzito, tairi moja inabeba kilo 615. Herufi ya mwisho ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, Q ni 160 tu. Tairi nyingi za theluji za Japani ni Q, kwa hiyo ukiiona kwenye gari ndogo ya familia shtuka, angalia vizuri.

Uso wake una mikato myembamba mingi sana, kama mtu kaichanja kwa wembe, mara nyingi imepindapinda. Na tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya kiwandani ni wiki na mwaka: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno marefu na bado ni babu.

Kitu kingine nilichokipenda: ndani ya mifereji ya tairi hizi za Kijapani kuna kituta kidogo. Meno yakiisha nusu na kulingana na kituta hicho, kwao tairi haifai tena kwa theluji. Huku kwetu nusu hiyo iliyobaki muuzaji anaiita "kama mpya".

Ndio maana nawaonya pia wale wa tairi za mtumba zinazopangwa barabarani. Mtu anazifungua kwenye gari, anazipaka dawa nyeusi zinang'aa, unauziwa theluji ukiwa Tandika.

KWA WADAU WA UGHAIBUNI
Nyie mambo ni kinyume, mnazihitaji kweli. Ujerumani hakuna tarehe ya sheria, ila barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe nazo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 zinazokubalika ni zenye alama ya mlima tu, M+S tupu haitoshi. Sweden ni kuanzia 1 Desemba mpaka 31 Machi hali ikiwa ya baridi. Funga zote nne. Ukifunga mbili tu za mbele ili ubane matumizi, mkia wa gari utakutangulia kwenye kona. Sheria ya Ujerumani inataka kina cha milimita 1.6, lakini kwa theluji wataalamu wanashauri 4. Kama unakaa mji ambao theluji inaanguka siku chache tu, tairi za misimu yote zenye alama ya mlima zinaweza kukutosha. Upepo pimeni mara kwa mara, baridi inaupunguza. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Mjomba alinunua nne mpya za kawaida, 91H, na hela ya kusimikia redio ikaishia hapo, bado ananidai kwa macho. Zile za theluji jamaa mmoja wa mtaani alizitaka kwa ajili ya teksi yake, mjomba akakataa kumuuzia. Zimekatwa katikati ziko uani, shangazi kaotesha vitunguu.