Australia: Ukubwa wa pakiti ya dawa na uhai wa mtu

Katika kitongoji cha Wetherill Park, magharibi mwa Sydney, mteja anayenunua parasetamoli kwenye duka kubwa la vyakula hupata pakiti ya vidonge 16. Hadi Januari 2025 pakiti hiyo ilikuwa na vidonge 20. Kuanzia tarehe mosi Februari mwaka huo Australia iliipunguza, na katika maduka ya dawa pakiti inayouzwa bila usimamizi wa mfamasia ikateremshwa kutoka vidonge 100 hadi 50. Shabaha ilikuwa kuwakinga watu, hasa vijana, wanaomeza dawa kwa kusudi la kujidhuru.

Ni rahisi kuuliza: je, aliyekusudia hatakwenda duka la pili? Jibu limo katika historia ya nchi hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa kali za usingizi, jamii ya babiturati, zilipatikana kwa bei nafuu chini ya mpango wa serikali wa kugharimia dawa, na daktari aliweza kuandika nyingi kwa mara moja. Idadi ya watu waliojiua ikapanda, wanawake wakiathirika zaidi. Mwaka 1967 serikali iliweka kikomo cha kiasi kinachotolewa. Vifo vikaanza kushuka. Watafiti Oliver na Hetzel, waliozichunguza takwimu hizo mwanzoni mwa miaka ya 1970, hawakuona njia nyingine zikishika nafasi ya vidonge.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Dhiki inayomsukuma mtu kwenye kabati la dawa mara nyingi hupanda ghafla na kushuka baada ya saa chache. Asipokuta kitu, saa hizo humpita akiwa hai. Uingereza ilipunguza pakiti za parasetamoli mwaka 1998, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 43 katika miaka 11. Huko Afrika Mashariki, mara nyingi vidonge huuzwa kwa kukatwa vichache vichache.

Tiba nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1970 Laurie Prescott na wenzake mjini Edinburgh walionyesha kuwa asetilisisteini hulikinga ini dhidi ya parasetamoli, hasa ikitolewa ndani ya saa nane. Tatizo ni kwamba katika saa za mwanzo mgonjwa huweza kujiona mzima kabisa. Kwa hiyo hasubiri dalili: mkazi wa Wetherill Park hukimbilia Hospitali ya Fairfield, iliyopo kitongoji jirani cha Prairiewood, au hupiga simu 13 11 26, ambayo katika jimbo hilo hupokelewa na wataalamu wa sumu walioko Westmead.

Lakini kuliponya ini si kumponya mtu. Mjini Newcastle, kaskazini mwa Sydney, daktari Gregory Carter na wenzake walijaribu jambo dogo mno. Wagonjwa waliotoka hospitali baada ya kumeza dawa walitumiwa kadi nane za posta katika muda wa mwaka mmoja, za kuwajulia hali na kuwakaribisha waandike wakipenda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Idadi ya waliorudia kitendo hicho haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, ila jumla ya mara walizorudia ilishuka kwa karibu nusu.