Majina ya Sauti na Ugawaji wa Nafasi katika Opera ya Kiitaliano ya Bel Canto

Istilahi zinazotumika leo kutaja sauti za waimbaji, yaani soprano, mezosoprano, kontralto, tenori, baritoni na besi, aghalabu huchukuliwa kuwa majina ya maumbile. Hudhaniwa kwamba koo la mtu lina aina yake, na kwamba jina hulifuata koo. Historia ya opera ya Kiitaliano kati ya miaka ya 1810 na 1840, kipindi cha Rossini, Bellini na Donizetti, haiungi mkono dhana hiyo.

Asili ya maneno yenyewe yatoa dokezo la kwanza. Neno tenori latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushika, kwa kuwa katika muziki wa kanisa wa Zama za Kati sauti hiyo ndiyo iliyoushikilia wimbo mkuu huku nyingine zikiuzunguka. Soprano ni ya juu. Besi ni ya chini. Haya yalikuwa majina ya mahali katika mpangilio wa sauti, kama vile wanakwaya wa Afrika Mashariki wasemavyo sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Opera iliongeza juu ya mahali jambo jingine zito zaidi, nalo ni cheo.

Mwimbaji aliajiriwa kwa msimu, na cheo chake kilijulikana: prima donna, yaani mwanamke wa kwanza; tenori wa kwanza; “musico” wa kwanza; kisha wale wa daraja la pili. Cheo kilikuwa na haki zake, hasa haki ya kuimba peke yake, na haki hizo zilipiganiwa. Donizetti aliufanyia mzaha ugomvi huo katika kichekesho alichokitunga Napoli mwaka 1827, ambamo mama wa mwimbaji wa daraja la pili, anayeigizwa na mwanamume mwenye sauti nzito, anavamia mazoezi kudai haki za bintiye.

Kwa hiyo mtunzi alianza na sauti alizokabidhiwa, ndipo akagawa wahusika. Rossini alipotunga Otello kwa ajili ya Napoli, ikaoneshwa mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 1816, kundi la huko lilikuwa na matenori wawili mashuhuri, Andrea Nozzari na Giovanni David. Matokeo yake Otello, Rodrigo na hata Iago wote ni matenori. Msikilizaji wa leo hushangaa; wa Napoli hakuwa na sababu ya kushangaa.

Neno “musico” lastahili kutazamwa kwa makini. Hapo awali lilikuwa tasfida ya kumtaja kastrati, mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti yake ibaki juu. Mwaka 1813 Rossini alimtungia kastrati Giovanni Battista Velluti nafasi katika Aureliano in Palmira, Milano. Mwaka huohuo, Venezia, shujaa wa Tancredi aliimbwa na mwanamke, Adelaide Malanotte, mwenye sauti ya kontralto. Makastrati walipotoweka jukwaani, neno lilibaki na cheo kilibaki. Wanawake waliovaa mavazi ya kiume wakavirithi vyote viwili. Romeo wa Bellini, mwaka 1830, bado ni mwanamke, Giuditta Grisi. Lakini katika Lucia di Lammermoor ya Donizetti, Napoli, 1835, mpenzi wa kiume ni tenori, Gilbert Duprez. Katika miaka 22 sauti ya shujaa ilikuwa imehama mara mbili.

Duprez huyohuyo aliibadili maana ya neno tenori bila kubadili herufi hata moja. Kabla yake tenori alizifikia noti za juu kabisa kwa sauti nyepesi ya kichwani, na hakuna aliyeona aibu. Duprez aliitoa C ya juu kwa sauti ya kifuani katika Guillaume Tell, kwanza Lucca mwaka 1831, kisha Paris mwaka 1837, na wasikilizaji wakaanza kuidai kwa kila mtu. Anayesoma neno tenori katika nota za kabla ya hapo kwa masikio ya baada yake anasoma neno jingine. Baritoni naye alikuwa bado hajajitenga vizuri: katika I puritani ya mwaka 1835, Antonio Tamburini na Luigi Lablache walihesabiwa kuwa mabesi wawili.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ni Giuditta Pasta. Alisifiwa kwa kumwimba Tancredi, nafasi ya kontralto. Mwaka 1831, mjini Milano, Bellini alimtungia Amina katika La sonnambula mwezi Machi na Norma mwezi Desemba. Leo Amina hupewa soprano nyepesi na Norma soprano nzito. Ni nadra mmoja kuthubutu yote mawili.

Mgawanyo wa leo uliimarika baadaye, kazi zilipobaki na waimbaji wake wakafa. Majumba ya opera yaliyorudia kazi zilezile mwaka hadi mwaka yalihitaji kujua nani aajiriwe kuimba nini, na majina ya sauti yakafanywa majina ya rafu. Hasara haikuwa ndogo. Rosina wa Il barbiere di Siviglia, aliyetungiwa Geltrude Righetti-Giorgi mwaka 1816, mwimbaji wa kontralto, alitwaliwa na masoprano, na wimbo wake ukapandishwa kutoka ufunguo wa E hadi F. Adalgisa, msichana katika Norma, aliimbwa mwanzoni na soprano kijana Giulia Grisi, mdogo wake Giuditta. Kwa mazoea ya karne ya 20 akakabidhiwa mezosoprano, na mara nyingi akasikika mkubwa kuliko Norma mwenyewe.

Mwaka 1984 Montserrat Caballé, soprano, alirekodi Adalgisa pamoja na Joan Sutherland. Katika rekodi iliyotolewa mwaka 2013 mpango uligeuzwa kabisa: Cecilia Bartoli, ambaye huitwa mezosoprano, aliimba Norma, na soprano nyepesi Sumi Jo akaimba Adalgisa.