Kindu: Mwanafunzi anayechunguza dawa za asili aanzie wapi?

Mwanafunzi wa iniversite ao wa ISTM anayechagua dawa za asili kwa TFC yake anaenda kwa muganga na daftari. Anaandika jina la mti na ugonjwa unaotibiwa, kisha anarudi nyumbani. Kazi kama hiyo inabaki kwenye kabati.

Shida ya kwanza ni jina. Majani machungu ya Vernonia amygdalina, Kivu wengi wanayaita mubirizi. Mrega na Mkusu kila mmoja ana jina lake. Na jina moja linaweza kubeba miti miwili. Hapo ndipo mgonjwa anapewa sumu.

Kwa hiyo mwanafunzi anakata kitawi chenye majani na maua ao matunda, anakilaza kati ya magazeti, anaweka kitu kizito juu na kubadilisha karatasi mpaka kikauke. Anaandika tarehe, fasi, jina la kienyeji na aliyemuonyesha. Kitawi hicho kinaweza kulinganishwa na vile vilivyohifadhiwa Lwiro, Kivu ya Kusini, katika kituo cha utafiti kilichoanzia wakati wa Wabelgiji. Lwiro ni mbali na Kindu, kweli, lakini magazeti ya zamani hayana bei kubwa.

Pili ni kipimo. «Majani kidogo» si kipimo. Ni sehemu gani ya mti, gramu ngapi, maji kiasi gani, yanachemka dakika ngapi? Mama mwenye mimba anakunywa ao hapana?

Tatu, «imeponya watu wengi» ni ushuhuda tu. Homa inaweza kushuka yenyewe, na si kila homa ni malaria. Damu inapimwa mbele ya dawa na kisha dawa. Watafiti wa Kinshasa na Antwerp walifanya hivyo kwa ganda la Nauclea pobeguinii: walianza na watu 15 wazima, wakafuata wagonjwa 11 wa malaria, kisha 65. Mwanafunzi hawezi kufika huko peke yake. Kazi yake ni kuandika sawasawa ili wengine waendelee.

Na muganga? Ruhusa inaombwa kabla ya kufungua daftari, bila kumdanganya. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo Congo imeikubali, inataka faida igawanywe na wenye ujuzi. Waganga wanakasirika sana na kijana anayechukua siri ya familia na harudi tena. TFC ikiisha, arudi kumsomea alichoandika. Mara nyingi muganga ndiye anaona kosa.