Gunia la Moiben na Ratili 200

Mkulima wa Moiben, kule Uasin Gishu nchini Kenya, hahesabu mavuno yake kwa tani. Ukimuuliza eka moja imempa nini, atakujibu gunia 20, gunia 25, na mvua ikikosa, gunia 10. Wengine husema "bag" tu, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Gunia hilo ni kilo 90. Mbona si 100, kama lilivyo gunia la mahindi kule Tanzania na Uganda?

"Bag" ni neno ambalo Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kwa hao, "baggi" ilikuwa furushi. Gunia limetoka upande mwingine kabisa. Kwa Wahindi "goni" ni mfuko wa nyuzi ngumu, na Waingereza waliofanya biashara huko wakalichukua neno hilohilo wakasema "gunny". Kwa hiyo gunia na "gunny" ni ndugu wa tumbo moja, wakati "bag" ni mgeni aliyewakuta.

Hizo kilo 90 nazo zina historia yake, na imepitia papa hapa. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walipanda nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakapiga kambi upande wa Sergoit, ambayo leo ni wadi katika eneo bunge la Moiben. Malisho ya wenyeji yakageuzwa mashamba ya walowezi. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, mahindi yakapata njia ya kwenda Mombasa na ng'ambo. Wakati huo kila kitu kilipimwa kwa ratili, na gunia la mahindi lilikuwa ratili 200. Ratili 200 ni kilo 90 na nukta saba. Baada ya uhuru Kenya ilihamia kilo, ikaikata ile nukta, gunia likabaki lilivyokuwa.

Lingekuwa jambo dogo kama kila gunia lingepanda mizani. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, hupima uzito, na unyevu nao usizidi asilimia 13.5. Lakini mkulima mwenye karo ya shule ya kulipa mara nyingi hawezi kuusubiri msururu wa bohari. Humwita dalali, na lori huja hadi langoni likiwa na magunia yake. Vijana hujaza, hulitingisha gunia mahindi yashuke, hujaza tena, kisha mmoja huvuta ile sindano ndefu na kushona mdomo ukiwa umevimba. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia, ni kama kilo mbili. Gunia likimeza gorogoro mbili za ziada, aliyeuza gunia 200 ametoa kilo 800 bure, karibu gunia tisa. Huo ni wizi, hata kama pande zote mbili zimeuzoea.

Halafu kuna anayebeba. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo ambao mwanamume mzima anaubeba kwa mikono usizidi kilo 55. Mpakiaji wa Moiben hulaza kilo 90 na zaidi mgongoni, akapanda ubao hadi juu ya lori, akarudi kuchukua jingine.

Wakulima wa viazi wa Kenya walipigania uzito wa gunia, na kanuni za mwaka 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Tanzania nayo inakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa sheria ya vipimo. Mahindi yanastahili hivyohivyo: gunia la kilo 50, na mizani langoni kabla ya sindano kushona. Mbolea inayokuja Moiben kila Machi huja katika mifuko ya kilo 50, imepimwa na kufungwa kiwandani, na mkulima huilipia kwa uzito ulioandikwa.