"Asahau Ziwa": Kilichoonekana Uganda Mwaka 1954 (Sehemu ya 4)

Swali mnaloniuliza sana ni hili: "Nesi, nimpeleke kwa bibi wiki mbili asahau ziwa, si ndivyo tulivyolelewa?"

Ndivyo, na si sisi tu. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, alifika Uganda. Kabla ya hapo alifanya kazi London na daktari John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto wanaotenganishwa na mama zao na wanavyoumia. Ainsworth akataka kuiona desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa. Kufika vijijini karibu na Kampala, akakuta ni wachache waliokuwa bado wanaifuata! Basi akaamua kutazama malezi yenyewe: familia 26, kila baada ya wiki mbili, saa mbili sebuleni, mkalimani pembeni. (Hebu fikiria mgeni na daftari lake anakutazama unanyonyesha.)

Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchezea vitu, anageuka kumtazama mama, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Mama ndiye kituo chake. Na watoto waliotulia walikuwa hasa wa mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini, analilia nini. Wengine walishikamana pia na baba au bibi. Yote aliyachapisha mwaka 1967 katika kitabu Infancy in Uganda. Elimu inayofundishwa leo dunia nzima imechotwa kwa akina mama wa Kiganda, jamani, hilo linanifurahisha mno.

Kwa hiyo bibi si tatizo. Tatizo ni kupoteza ziwa na mama siku moja. Kiwewe cha utotoni hakiletwi na kipigo peke yake. Mtoto wa mwaka na nusu hajui "wiki mbili", anajua mama hayupo. Ukirudi anaweza kukukataa, au kukung'ang'ania mpaka mlango wa choo, na usiku anashtuka. Watu watasema anadeka. Anaogopa utapotea tena.

Achisha polepole: anza na nyonyo la mchana, la usiku liwe la mwisho. Na kama hajafika miaka miwili, huna haraka, maziwa yako bado yanamfaa. Ukilazimika kufuata mzigo Tunduma, bibi aje kwako, au ulale naye kwa bibi siku za mwanzo. Acha khanga yako uliyoivaa. Usimtoroke akiwa amelala, muage hata kama atalia. Akigoma kula au akipooza siku kadhaa, mlete kliniki.

Jumapili: mtoto aliyelazwa, na kwa nini zamani hospitali za Uingereza zilimzuia mama asikae na mwanawe wodini.