Kikazauzi: jina kwa buibui asiye na tezi ya sumu

Buibui ni neno lenye makao mawili. Likitajwa kwa kiumbe ni huyu na hawa: buibui huyu, buibui hawa. Likitajwa kwa vazi jeusi la wanawake wa pwani ni hili na haya: buibui hili, mabuibui haya. Mtu wa Mbagala, Dar es Salaam, akisikia "buibui limechanika" hatazami darini, na akisikia "buibui ameshuka" hafungui kabati. Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi yote, tena bila kelele. Tulipolegea ni kwa yule wa darini: kila mmoja wao tumemwita buibui, tukaishia hapo.

Yupo mmoja anayestahili jina lake mwenyewe. Wataalamu humwita Uloborus. Ni mdogo, mwili wake haufiki sentimita moja, rangi yake ni ya majani makavu, na utando wake wa duara mara nyingi huwa umelala badala ya kusimama. Yeye hujining'iniza chini ya utando huo, mgongo ukiwa upande wa ardhi, miguu ya mbele ameinyoosha pamoja kama kijiti. Kwenye ua wa michongoma, Chamazi au Bunju, jicho lisilozoea litamdhania takataka iliyonaswa. Kinachomtenga na karibu buibui wengine wote ni kwamba hana tezi ya sumu, yeye pamoja na familia yake nzima.

Uloborus ni jenasi, yaani kundi la aina zinazokaribiana, na neno hilo jenasi lina undugu wa kufurahisha. Tumelipokea kutoka Kilatini kwa njia ya Kiingereza. Jinsi na jinsia tumezipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilichota neno lao kwenye Kigiriki, katika ukoo uleule uliowapa Walatini lao. Kwa hiyo jenasi na jinsi ni ndugu waliopotezana zamani, kila mmoja akaja pwani yetu kwa chombo chake. Sioni sababu ya kulifukuza jenasi. Jinsi lina mizigo ya kutosha.

Jina lenyewe Uloborus ndilo linalonisumbua. Alilitoa Mfaransa Pierre André Latreille mwaka 1806, kutoka neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya "aumaye kwa kuua". Yaani kiumbe asiye na hata tone la sumu menoni amebatizwa kwa ukali wa meno yake! Kanuni za majina ya wanyama haziruhusu jina lifutwe kwa sababu tu halimfai mwenyewe, kwa hiyo wanasayansi watabaki nalo. Sisi wa Kiswahili hatujafungwa na kosa hilo, mradi tusilitafsiri.

Baadhi yetu tumeanza kusema "buibui asiye na sumu". Maneno hayo yanaeleweka, lakini nayakataa kwa sababu mbili. Kwanza, yanamtaja kiumbe kwa alichokosa. Waliotutangulia hawakutaja wadudu hivyo. Yule mdudu wa kijani anayeinua mikono kama anayeswali hakuitwa "asiye na mwiba". Aliitwa kivunjajungu, jina lenye kitendo, jina linalokufanya umtazame tena. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo iko ndani ya neno sumu.

Sumu ni neno la Kiarabu lililokuja likaenea kila mahali. Nyoka ana sumu, uyoga una sumu, muhogo mchungu una sumu, na panya huwekewa sumu. Hapo kwenye panya, Dar es Salaam imefanya jambo la ajabu. Msikilize machinga anayepita Tandika au Manzese na kipaza sauti chake: anauza dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Ni kitu kilekile, lakini jina linafuata anayenufaika. Kwa mwenye nyumba ni dawa, kwa panya ni sumu. Sioni kosa lolote katika hilo. Naona lugha inayojua imesimama upande wa nani.

Upana huo wa sumu unatudai tahadhari. Kuna sumu inayoingia mtu akila au akigusa, na kuna sumu inayopenyezwa mwilini kwa jino au mwiba. Lugha nyingine zina neno kwa kila moja. Sisi tuna vitenzi vinavyoweza kutenganisha: nyoka hugonga, nge na nyuki hudunga. Basi tuseme sumu ya kudungwa pale tunapokusudia ile ya jino na mwiba. Na anayetaka neno moja lililoungana asiogope, kwa maana tumeshaona likifanikiwa. Sumukuvu ilikuwa istilahi ya wataalamu wa mahindi na karanga. Baada ya sumu hiyo kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, neno hilo lilisikika redioni na kwenye mikutano ya vijiji, na leo mkulima analitamka bila kuelekezwa. Sumu na kuvu, maneno mawili tuliyoyazoea nyumbani, yameshikana.

Tofauti hiyo inamhusu buibui wetu moja kwa moja. Mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo kuhusu Uloborus plumipes, aina inayopatikana pia Afrika: tezi za sumu hana, lakini majimaji ya tumbo anayoyatapika juu ya windo yana sumu ndani yake. Kumbe hana sumu ya kudungwa, ila sumu anayo. "Asiye na sumu" ni uongo mdogo. "Asiye na tezi ya sumu" ndiyo kweli. Neno tezi tunalo siku zote, tuliweke hapo.

Sasa twende kwenye utando. Tanda ni kitenzi chenye watoto wengi: kitanda, mtandio, tandika, tandaza, na huyu kitinda mimba aliyewapita ndugu zake kwa umaarufu, mtandao. Utando wenyewe haukai kwa buibui tu, maana uji ukipoa nao hufunga utando. Pwani wapo pia wanaosema tandabui, neno zuri linalopotea, nami naomba lirudi vitabuni kwa maana ya utando wa buibui peke yake.

Je, buibui hufuma, husuka, au hutanda? Kusuka ni kazi ya ukili na nywele, ambapo miyaa au mafungu hupishana juu na chini. Kufuma kunataka nyuzi zipitane vilevile. Buibui hapitanishi kitu. Huvuta uzi, huubandika juu ya mwingine, huendelea. Kwa hiyo hutanda. Hata hivyo, fundi wa kufuma anatuachia maneno mawili tusiyopaswa kuyapoteza: mtande, nyuzi zinazonyooshwa kwanza, na mshindio, uzi unaopitishwa kuzikata. Pwani hii ilisokota na kufuma pamba karne nyingi kabla kiwanda cha nguo cha Urafiki hakijafunguliwa mwaka 1968. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea vimechimbuliwa Kilwa. Nyuzi za utando zinazotoka katikati kwenda pembeni ziitwe mitande. Ule uzi unaozunguka na kuzunguka uitwe mshindio. Mwalimu wa biolojia wa Temeke atakayeyaandika ubaoni atakuwa amefundisha masomo mawili.

Uzi wa mshindio ndio unaonasa, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao sijauona ukitumika. Buibui wengi wa utando wa duara, wale wakubwa wa bustanini, hupaka mshindio wao matone ya gundi. Gundi ni neno la dukani. Sisi tuna ulimbo, utomvu ambao watoto huupaka kijitini kunasia ndege, na kazi yake ni ileile hasa. Uloborus hana ulimbo. Uzi wake ni mkavu, umezungukwa na nyuzinyuzi nyembamba mno zilizochambuliwa zikavimba, na mguu wa nzi ukigusa unazama humo. Aliyewahi kupasua tunda la msufi ili ajaze mto anakijua kitu hicho kwa vidole vyake. Basi huu ni uzi wa sufi, na ule ni uzi wa ulimbo. Makundi mawili ambayo vitabu vya nje hujaza nusu ukurasa kuyatofautisha, msomaji wetu anayashika kwa pumzi moja.

Uzi wa sufi hutoka kwenye kibamba chenye vitundu vingi mno, na wanasayansi walikiita kwa Kilatini jina la chekeche dogo. Kichekeche basi, hapo hatuna ubishi. Uzi huo huchambuliwa kwa safu ya vinywele vilivyo kwenye mguu wa nyuma; safu hiyo tuiite kitana, inatosha.

Katikati ya utando, buibui huyu mara nyingi huweka mstari au mzunguko mweupe wa nyuzi. Jina la kisayansi linadai kazi yake ni kuimarisha utando, jambo ambalo wataalamu wenyewe wanalibishia hadi leo. Mimi nasema nakshi. Neno hilo linataja kinachoonekana na halijifanyi kujua sababu.

Nimeacha kwa makusudi lile kubwa, namna anavyolidhibiti windo lake. Nzi akinaswa, buibui humfikia na kuanza kumrushia uzi kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, huku akimgeuza. Haumi. Hurusha, hugeuza, hurusha, mpaka mbawa zinalala na miguu inakunjwa kifuani. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi juu ya jamaa yake, Philoponella vicina: maelfu ya miondoko ya miguu na hadi mamia ya mita za uzi kwa windo moja, na mkazo unaovunja miguu ya mdudu na kubonyeza macho yake ndani. Kila uzi una mvuto mdogo sana, ila mivuto ikijumlishwa inaponda.

Watafiti wa kazi hiyo wameliita furushi la windo sanda. Kwetu sanda ni heshima ya mwisho kwa aliyekwishaoshwa, na mdudu huyu bado anahema. Sitakubali neno hilo. Kufunga ni dhaifu, kwa kuwa hata mzigo wa kuni hufungwa bila kuumia. Kinachofanyika ni kukaza. Nilifikiria mkazanyuzi, lakini sikio la Kiswahili lingesikia mkazamwana na kudhani huyu ni mke wa nyuzi. Nikarudi kwa kivunjajungu, nikafuata mwendo wake: ki-, kitendo, kitu. Kikazauzi. Wingi vikazauzi, na kwa kuwa ni kiumbe, upatanisho ni wa viumbe: kikazauzi huyu amekaza, vikazauzi hawa wamekaza.

Kabla hatujalifikisha jina hili Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), au kwa wanakamusi wa TATAKI kwenye chuo kikuu pale Mlimani, liko la kufanya mitaani. Wazee wa Kizaramo na Kindengereko wa Mbagala, Chanika, Kigamboni na Bunju waliishi na buibui huyu kabla ya lami, na kama walimpa jina, hilo lina haki ya kwanza kuliko langu. Msomaji mwenye bibi au babu anayekumbuka, amwonyeshe buibui mwenyewe kwenye ua, si picha ya simuni, amuulize anaitwaje, kisha aandike herufi kwa herufi alivyotamka.